Benye Habakupata Jina

Siku ile shemeji yangu mukubwa, ndugu ya bwana yangu, alituma mutu kuniambia ya kama dimanche, kisha misa, familia itakaa kwangu, nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Sikuuliza ni juu ya nini. Mukamwana wangu, bibi ya kijana yangu wa mwisho, alikuwa ametoka kupoteza mimba ya tatu. Kwetu, familia ikisema "tutakaa" kisha mambo ya namna ile, ni kusema banataka kurudisha mukamwana, mutoto wa benyewe, kwa baba yake. Baba yake iko Kayna, mbali na sisi hapa Beni, na hatari ya ile barabara kila mutu anaijua.

Yule mutu aliongeza neno moja: "Muzee anasema musichana wako wa Butembo akuye. Yeye njo anajua mambo ya mimba. Atatuambia kweli."

Nikaendelea kutwanga. Mukamwana alikuwa amesikia yote, alikuwa ku jiko, mugongo kwangu.

"Mama, nifunge bitu yangu?"

"Uko unaunguza mafuta," nikamwambia. "Angalia sufuria."

Majina ya hawa batu bote niko nayo kichwani, hata ya bale benye marehemu bwana yangu mwenyewe alikuwa anachanganya. Hapa sitaandika hata moja. Bengine bangali bazima na habakuniomba. Tena kwetu Banande jina linasema jambo moja mbele ya yote: umezaliwa wa ngapi, na kama uko kijana ao musichana. Ukisikia jina ya musichana wa ine, unajua kuko batatu mbele yake, bawe bazima, bawe bakufa. Mutoto akikufa, jina yake haipewe mwenye kumufuata. Fasi yake inabakia wazi.

Musichana wangu wa Butembo anabeba jina ya musichana wa ine. Batatu ba mbele yake balizaliwa, balikaa kidogo, baliondoka. Donc yeye ni mukubwa wa bazima bangu, mais jina yake inasema kitu ingine. Ku masomo bengine balikuwa banamuuliza, "Bakubwa bako bako wapi?" Yeye alikuwa anaonyesha chini na kidole.

Na mimi nilibakia ku ndoa juu ya bale batatu. Ndani ya familia ya bwana yangu, mwanamuke mwenye amezala mutoto mwenye jina harudishwe kwa baba yake, hata yule mutoto akienda. Na jina haisemwe ovyo. Mama ya baba njo anaitamka wa kwanza. Mavyala wangu, mama ya bwana yangu, alikuwa anaingia ndani, anainamia mutoto, anamunusa kichwa, anasema jina. Mbele yeye aseme, hakuna mwenye kuthubutu. Mara tatu alisema, na mara tatu alirudi kulia na mimi. Habakunirudisha.

Lakini bale batatu ba mukamwana wangu habakufika kunuswa kichwa.

Kazi ya musichana wangu nilishindwa kuielezea batu miaka mingi. Bakiniuliza nasema, "Anafundisha." Ni kweli, anafundisha ku masomo kubwa kule Butembo. Mais kazi yake yenyewe ni kutafuta namna mimba inaanza: zile siku za kwanza kabisa, mwanamuke mwenyewe hajajua kama iko na kitu, na juu ya nini nyingi zinaacha njiani.

Ilianza na kuku ya sikukuu ya Noël. Alikuwa bado mudogo, tulikuwa bado tunaishi Butembo. Nilimupa kuku atoshe matumbo. Akaniita.

"Mama, kuya uone!"

Ndani ya kuku mayayi ilikuwa imefuatana kama batu mbele ya robinet ya maji. Moja kubwa, tayari na ganda yake. Nyuma yake ya njano, kisha ya njano ndogo, kisha ndogo zaidi, mpaka punje kama mbegu ya mboga ya lengalenga.

"Nani anaambia hii iende, ingine ingojee?"

"Mungu. Leta ile kuku."

Alileta kuku. Jibu yangu haikumutosha, niliona ku macho. Ile ulizo alitembea nayo mpaka leo, na nywele sasa imeanza kuwa nyeupe.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tano tu, kwa bamasista. Yeye nilimusomesha na matumbo ya ngombe, yenye nilikuwa nauzisha karibu na abattoir, fasi ya kuchinjia. Alienda Kisangani, kisha akapata nafasi ya kwenda Ulaya. Kule balimufundisha kufanyia kazi mayayi ya ngombe. Mayayi ya mwanamuke hauwezi kuiomba mutu hivi hivi, na ngombe inabeba myezi kenda sawa sisi, inazala moja sawa sisi. Siku alirudi, batu balingojea kuona bwana ao motokari. Alishuka na thermos.

Haikuwa ya chai. Ilikuwa ya kubebea ile bitu mbili yenye kukaa pembeni ya kifuko ya mutoto, ndani ya ngombe dike, yenye inachunga mayayi. Inapashwa kufika ku laboratoire ndani ya maji ya chumvi yenye vuguvugu. Yeye hakuwa na mutu ku abattoir, mimi nilikuwa naye: muzee mumoja Mwislamu, yeye njo alikuwa anachinja, ili kila mutu wa muji aweze kula ile nyama.

"Mama ya matumbo, leo nikupe nini?"

Nikamweleza.

"Unapika namna gani ile?"

"Sipike. Ni ya musichana wangu. Ndani iko mayayi."

Akaweka kisu chini. "Mama, mimi nachinja tangu sijaota ndevu. Ngombe inataga?"

Abattoir muzima ikacheka. Bijana ba kubeba nyama bakaanza kulia kama kuku na miguu ya ngombe ku bega. Mais kuanzia siku ile yule muzee hakukosa hata mara moja kutuwekea. Akiniona kwa mbali alikuwa anapiga makelele, "Pisheni! Omelette ya docteur iko tayari!" Na mimi nabeba thermos ndani ya kitenge, kifuani, sawa mutoto, juu baridi ya asubui ya Butembo haina huruma.

Siku moja musichana wangu alinikalisha ku mikroskopi. Kwanza niliona nyusi yangu tu. Kisha niliona. Ilikuwa kama tone ya mafuta juu ya supu, na ndani yake mustari umepita katikati.

"Hii yayi tuliitia mbegu ya ngombe dume, jana ilikuwa moja," akaniambia. "Sasa ni mbili. Kesho ine, kisha munane."

"Kisha munane?"

"Kisha munane nyingi zinasimama."

"Juu ya nini?"

Akacheka kidogo, ile kicheko ya mutu amechoka. "Mama, njo kazi yangu ile."

Zinakaa ndani ya sanduku yenye moto ya mwili, haizidi, haipunguke. Kule Ulaya, anasema, hakuna mutu anafikiri juu ya courant, ule moto wa umeme. Hapa kwetu anafikiri juu ya courant kuliko mimba. Courant inakatika, mafuta ya groupe, mashini ya umeme, inaisha, ao ni ville morte, mugomo ya muji muzima, na hakuna mwenye kutoka inje: hakuna kuchinja, hakuna thermos. Mara moja zilifika mbali, karibu kuwa kile kifuko kidogo cha maji chenye kinajishika ndani ya mama. Asubui nilimukuta sanduku imepoa. Hakulia. Alikuwa amekaa ku kiti, amevua viatu, anaangalia miguu yake.

"Mama, nitaanza tena lundi, juma ikianza," akasema.

Ameanza tena lundi nyingi, sijui ngapi. Ku soko balikuwa banamuteta nyuma yake, na mara ingine mbele yangu: "Ule mwenye kuzalisha ngombe ndani ya glasi, yeye mwenyewe je?" Hakupata bwana. Wala mutoto. Mimi nilimuuliza mara moja tu. Aliniambia, "Mama, wacha." Nikaacha. Kisha kijana yangu akaanza biashara ya kakao hapa Beni, anainunua mpaka Kamango, akaniambia nikuye kukaa naye. Nikamwachia dada yake thermos yake.

Samedi, mbele ya ile dimanche, musichana wangu alifika na taxi, vumbi mpaka ku nyusi, na jibini ya Lubero ndani ya kikapo. Alisalimia, akaingia moja kwa moja ku jiko kwa muramu wake, bibi ya ndugu yake, akakaa ku kibao kidogo.

"Haiko kosa yako," akamwambia. Hata hakungojea chai. "Nyingi zinaacha juu zilianza mubaya. Ni kama kitenge yenye fundi alikata mubaya: hata ushone namna gani, haitakaa ku mwili. Ubebe maji, usibebe maji, ni ile ile. Hata mavyala wako akuchukie."

"Mama hanichukie."

"Bado mapema," nikasema, na mukamwana akacheka, mara ya kwanza tangu ile damu.

Kisha nilivuta musichana wangu inje, karibu na migomba, nikamweleza vile baba yake mukubwa atauliza. Kwa ile familia, kitu moja tu ilikuwa inaweza kumuchunga mukamwana: kama moja ya bale batatu alikuwa mutu mwenye kustahili jina.

"Sema tu balikuwa batu," nikamwambia. "Wewe uko docteur. Batakuamini."

"Mama, haiko fasi yoyote nimeona ile kitu."

"Sikukuuliza kama umeona. Nimekuambia useme."

Akaenda kuoga.

Dimanche, kisha misa, tulikopa viti kwa jirani. Shemeji mukubwa alikaa chini ya barza na fimbo yake. Pembeni yake shemeji mudogo, transporteur mwenye kubeba mizigo na motokari, mutu wa mizaha, hata ku matanga hawezi kukaa bila kuchekesha. Kijana yangu alikaa karibu na mulango, macho ndani ya telefone. Mukamwana alibakia ku jiko, mulango wazi. Alikuwa anasikia yote, na bote balijua.

"Hatukukuya kutukana mutu," shemeji mukubwa akaanza. "Huyu bibi iko na heshima, analima, anapika. Mais nyumba haina jina." Akageukia musichana wangu. "Binti yangu, wewe njo unaangaliaka ndani ya ile glasi. Utuambie. Ile tatu, ilikuwa batu ao ilikuwa damu? Kama ilikuwa batu, amezala, tunakunywa tunaenda. Kama ilikuwa damu, hajazala, na sisi tutamurudisha muzuri kwa baba yake, bila makelele."

Nilimwangalia. Nilimwomba na macho.

"Tata," akasema, "sijui."

Shemeji mudogo akapiga mapaja. "Aye! Kisangani yote ile, Ulaya yote ile, na 'sijui'! Tungaliuliza ngombe!"

Bakacheka. Yeye akangojea bamalize, sawa anangojea banafunzi.

"Naweza kukuonyesha moja inakuwa mbili. Naweza kukuonyesha yenye itaendelea na yenye imesimama, na mara ingine juu ya nini. Naweza kukuambia tena ya kama nusu inatoka kwa baba. Bibi alikwenda hospitali, bwana hajakwenda. Kama munatafuta fasi kulivunjika, na yeye aende." Kijana yangu akainua kichwa ku telefone. "Mais siku gani inakuwa mutu, glasi haijanionyesha. Nimeangalia karibu maisha yangu yote. Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya, Tata, hata kama leo ile uongo ingetusaidia."

Kama mwiko ingekuwa karibu, ningemupiga, na mvi zake zile. Miaka yote nilibeba thermos kifuani! Nilifikiri: kwa mara moja tu hii kazi ingeweza kusaidia mutu wa nyumba, na yeye anasema sijui.

Shemeji mukubwa akashika fimbo. Hakufurahi, nitasema kweli. Alikuwa naye amechoka. "Basi. Kama mwenye kujua hajui, inabakia desturi. Hakuna jina."

Ku jiko, kijiko iliacha kukoroga.

Sijui nilisimama namna gani.

"Shemeji, jina inasemwa na nani?"

"Na mama ya baba. Unajua."

"Mama ya baba ni nani hapa?"

Akaniangalia. "Ni wewe."

"Mulishaniuliza?"

Shemeji mudogo akageukia mukubwa wake.

"Mbili za kwanza zilikuwa mapema," nikasema. "Hatukuona kitu, kijana ao musichana. Hapo nasema sawa mutoto wangu: sijui. Na kwa mwenye sijui siwezi kupa jina. Mais huyu wa mwisho alikuwa amepita myezi ine. Mimi njo nilimupokea ndani ya kitambaa ku maternité ya hospitali, bibi iko analala, bwana iko Kamango. Mimi njo nilimuzika hapa nyuma ya migomba. Nilimuona. Alikuwa kijana."

Na nikasema jina. Jina ya kijana wa kwanza, sawa mavyala wangu angaliisema, kwa sauti, ili na mwenye kuwa ku jiko asikie.

Jina ikitamkwa na mwenye haki hairudi. Shemeji mukubwa alijua hii kuliko mimi. Alikaa sana na fimbo katikati ya magoti. Nilifikiri atanikatalia, atasema nimetumia desturi vibaya, na pengine ingekuwa na ukweli ndani. Shemeji mudogo njo aliongea, na kwa mara moja bila muzaha:

"Mama, mwenye atafuata, akiwa kijana, atabeba jina ya wa pili. Batu batamuuliza mukubwa wake iko wapi."

"Ataonyesha chini," nikasema. "Shangazi yake alionyesha."

Musichana wangu aliinamisha kichwa.

Shemeji mukubwa akaomba maji. Alikunywa, akafuta mudomo, akasema ile jina polepole, mara moja, sawa mutu anaipima ku ulimi. Kisha akasema: "Basi iko. Amezala." Akageukia kijana yangu. "Na wewe, ile hospitali utaenda lini?"

"Tata, mimi..."

"Atatuma ndani ya thermos!" shemeji mudogo akapiga makelele, na barza muzima ikacheka, na kijana yangu akataka udongo imumeze. Bakakula, bakakunywa, bakaenda.

Kisha tulibaki kuosha masahani, mimi na musichana wangu. Yeye njo alianza.

"Uko na kasirani, Mama."

"Neno moja tu. Nilikuomba neno moja tu."

"Nikisema ile neno kwa Tata, lundi nitakaa ku mikroskopi namna gani? Nitaamini macho yangu namna gani?"

Nikasugua sufuria.

"Na wewe," akaniuliza, "ile yenye ulisema, unaamini?"

"Nimechoka, mutoto wangu. Nimezika bane na hii mikono. Siweze tena kuanza kuchagua nani alikuwa mutu."

Alitosha sahani ku mukono yangu, akaipanguza yeye mwenyewe.

Lundi alirudi Butembo, na ndugu yake alipanda naye ile taxi moja, amekunja uso sawa mutoto anapelekwa sindano. Majibu yenye alipewa kule sitaandika, ni yake. Alirudi mupole, nitasema ile tu. Musichana wangu aliniitia ku telefone ya kama ku abattoir sasa iko mutu mupya, mutoto wa yule muzee, na hajue mayayi ya ngombe ni nini, ilibidi aanze kumweleza tangu mwanzo. Alicheka. Akasema sanduku ilipoa tena.

Mukamwana wangu iko. Mimba haijakuya ingine. Batu ba kartye, majirani, banatuuliza, nasema tunangojea.

Mbele ya ile dimanche, asubui akifagia, alikuwa anafika ku mulango wa jiko, anarudi. Sasa anapita jiko, anafika mpaka nyuma ya migomba, anafagia na kule, anaondosha majani makavu yote. Mara moja moja nasikia anasema ile jina. Nangojea amalize, kisha namwita akuye kunisaidia kutwanga.